Tamthilia ya Earthsea: wamembadilisha Ged rangi, halafu wakaligeuza na jina lake

Wakuu, heshima kwenu. Nimelala na hasira, nimeamka nazo, na zisiponitoka hapa nitashindwa kufanya kazi leo.

Jana usiku nilimkalisha mpwa wangu wa miaka 12 mbele ya runinga tuangalie tamthilia ya Earthsea, ile ya sehemu mbili iliyorushwa Marekani Desemba 2004 kwenye kituo cha Sci Fi. Ni ya zamani, najua. Nimeikwepa miaka yote kwa sababu kitabu chenyewe nakipenda mno. Safari hii dogo ndiye aliyenisukuma. Wiki nzima nimekuwa nikimsomea riwaya ya kwanza ya Ursula K. Le Guin, A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968. Naisoma kwa Kiingereza na kumfasiria papo hapo, sura moja kila usiku baada ya kula, na tumefika sura ya 6. Akaomba amwone Ged, shujaa wa kitabu, kwa macho.

Akatokea kijana mweupe pee. Dogo akanigeukia: "Mjomba, Ged ni yupi?" Nikamwonyesha. "Huyu? Si ulisema ana rangi kama sisi?"

Nilisema, na sikutia chumvi. Kitabuni Ged ana rangi ya kahawia iliyoiva, kama shaba, na watu wa kisiwa chake cha Gont ndivyo walivyo. Rafiki yake Vetch ni mweusi tii. Weupe wenye nywele za njano ni Wakargi, wale wanaoshuka na mapanga kuchoma vijiji katika sura ya kwanza kabisa. Mwandishi alipanga hivyo kwa makusudi, zama ambazo shujaa wa hadithi za namna hii alikuwa mzungu na hakuna aliyehoji. Sasa angalia tamthilia: Ged mweupe, Vetch mweupe, kijiji kizima cheupe. Katika wahusika wakubwa mweusi amebaki Ogion peke yake, mganga anayemfundisha Ged, aliyechezwa na Danny Glover. Le Guin mwenyewe alilalamika hadharani mwezi huohuo wa Desemba 2004. Alikuwa ameuza haki za vitabu na kuitwa mshauri, lakini ushauri wake haukuwa na uzito wowote. Mama wa watu aliangalia watoto wake wakivuliwa ngozi, hana la kufanya.

Lakini hilo la rangi nilishalisikia, nilikuwa nimejiandaa nalo. Lililonivunja kabisa ni jina.

Kwa ambao hawajasoma: katika Earthsea kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina la kweli la kitu ana mamlaka juu yake. Uganga wote umesimama hapo (nasema uganga, maana uchawi kwetu ni wa ubaya tu). Kwa hiyo mtu hutembea na jina la kuitwa, na lile la kweli hulificha kama roho yake. Shujaa wetu utotoni anaitwa Duny. Watoto wenzake kijijini wanamwita Sparrowhawk, yaani kipanga, kwa kuwa akiwaita ndege wa mawindo wanashuka angani na kumjia. Akifika miaka 13, dada wa marehemu mama yake anamvua lile jina la Duny alilopewa na mama huyo. Anaingia mtoni uchi, hana jina, kwenye maji ya baridi kali, anavuka hadi ng'ambo, na huko Ogion anamshika mkono na kumnong'oneza: Ged. Ananong'ona, halitangazi.

Kwenye tamthilia wamelipindua. Ged ndilo jina la kuitwa, Sparrowhawk ndilo la siri! Kila mtu anamwita Ged, Ged, Ged, kama utingo anayeita abiria. Hivi hawa watu kitabu walikifungua kweli?

Maana ukiligeuza hilo umebomoa nyumba nzima. Kuna mahali Ged ameharibu, ameachia kivuli kiovu duniani, uso una makovu, hajiamini tena, wenzake wamemwacha nyuma. Vetch anakuja kumuaga anarudi kwao, na kabla ya kuondoka anamwambia jina lake la kweli, Estarriol. Hakuombwa. Amempa rafiki yake aliyeanguka uwezo wa kummaliza, kumwonyesha kwamba bado anamwamini. Ged anainua uso na kumpa lake. Mimi nilimsomea dogo hapo sauti ikanikatika.

Na juzi tulisoma ile ya kisiwa cha Osskil. Ged anatembea kwenye theluji na mwenzake wa safari, giza linaingia, mara yule mtu anageuka na kumwita: "Ged!" Hakuwahi kumwambia. Hapohapo uganga wote unamtoka, hawezi hata kujigeuza, kwa kuwa kile kivuli kiovu, ambacho sasa kimo ndani ya yule mtu, kinalijua jina. Dogo alijifunika shuka kichwani. Sasa niambieni, ukiwa umemsikia kila mtu akimwita Ged tangu mwanzo, hapo utaogopa nini?

Bibi yangu mzaa mama aliishi na babu zaidi ya miaka 40, na sijawahi kumsikia akilitamka jina lake. Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza mpaka siku tunamzika. Mimi sikuhitaji kufafanuliwa kwamba jina ni kitu cha kutunzwa. Nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza nilihisi mwandishi wa mbali huko Marekani amekaa jikoni kwetu.

Yako mengine. Wamechukua riwaya ya pili, ile ya binti Tenar na makaburi, wakaikoroga na ya kwanza katika chungu kimoja, na kubandika mapenzi kati ya Tenar na Ged ambayo kwenye vitabu hivyo viwili hayapo. Hilo ningeweza kulimeza.

Tulizima kabla sehemu ya kwanza haijaisha. Dogo ndiye aliyesema tuzime. Akauliza kama bado kuna muda wa kusoma sura ya 7, tukasoma.

Aliyeiangalia hadi mwisho na ana la kuitetea, aje. Ila aanze na jina.