UKOO WA BI MWANAHAMISI (SIO WA MATANGAZO)

JUMATANO

Zuhura 19:04: Assalaam alaykum ndugu zangu. Uwanja wa nyumba ya mama, jambo lile lile. Nasra anaolewa mwisho wa Machi, masika yameshabisha hodi. Mnakumbuka harusi ya Shufaa, bi harusi alivyotolewa nje. Safari hii tunafyatua wenyewe pevingi za zege za kutandaza uwanjani, pale pale nyumbani. Elfu hamsini kila mtu, kwa namba yangu. Na mniambie rangi: nyekundu au kijani?

Zuhura 20:31: Naona mmesoma.

Hemedi 20:40: Kiwanda cha saruji kipo Pongwe hapo, na sisi watu wa Tanga bado tunakanyaga tope. Aibu.

Zuhura 20:41: Elfu hamsini Hemedi.

Hemedi 20:41: Nilikuwa nachangia mawazo.

Salma Muscat 20:44: [picha] Huku wanapanga hivi mpaka zizini kwa mbuzi

Shufaa 20:45: Mbuzi anatembea kwenye maua, mie nilibebwa mgongoni na Iddi na shela langu 😭

Iddi 20:46: Mgongo haujapona mpaka leo

Zuhura 20:47: Iddi acha mzaha, wewe ndiye uliyesoma VETA. Waeleze.

Iddi 21:02: Haya. Uwanja ni mita 6 kwa 5. Zile pevingi ndogo za 20 kwa 10 zinaingia 50 kila mita mraba, jumla 1,500. Kwa mikono tutazeeka. Tuchukue moldi za plastiki za sentimita 40 kwa 40, zenye maua. Hapo mawe 190 yanatosha. Moldi ziwe 20, na kila moja inatoa jiwe moja kwa siku, kwa sababu zege lazima lilale humo mpaka kesho yake. Siku kumi, tuseme kumi na mbili. Saruji mifuko 12 na ya kuvunjika imo. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo.

Hemedi 21:05: Noah yangu itapita juu?

Iddi 21:06: Kaka, unene ni sentimita 5. Hayo ni ya miguu. Noah ibaki mwembeni.

Hemedi 21:08: Basi mchanga niachieni mimi, Sahare upo wa bure.

Iddi 21:09: Wa baharini hapana!! Una chumvi, jiwe litatoa unga mweupe mpaka ulichukie. Wa mto, nimeshaongea na mtu wa tripa.

Zuhura 21:10: Mimi napenda kijani.

Iddi 21:13: Kijani ghali dada. Oksidi nyekundu, ile rangi ya unga, ndiyo nafuu na jua haliipaushi. Kilo mbili na nusu kwa mfuko wa saruji, ukizidisha sana jiwe linakosa nguvu. Wala si lazima jiwe zima liwe na rangi. Unatandaza tabaka la rangi kama sentimita moja chini ya moldi, unamwagia zege la kawaida juu yake lingali bichi. Kesho ukigeuza, rangi iko juu.

ALHAMISI

Iddi 17:20: [picha] Majaribio. La kushoto langu, la kulia la Bakari.

Shufaa 17:22: La kulia limeng'atwa na panya?

Iddi 17:24: Vile vishimo ni hewa. Kamimina maji mengi ili zege liteleze, halafu moldi hakuitikisa. Unaigonga-gonga juu ya ubao mpaka mapovu yaache kutoka. Na mafuta kidogo ndani kabla ya kumwaga, la sivyo ua linabaki kwenye plastiki.

Bakari 17:25: Nilisema tokea mwanzo mimi ni mtu wa kompyuta

Iddi 17:27: Yakitoka yafunikwe magunia, yamwagiwe maji asubuhi na jioni wiki nzima. Nani zamu?

Zuhura 18:50: Nani zamu, kaulizwa.

Zuhura 18:51: Waliolipa: Salma, Shufaa. Wawili!

Hemedi 18:58: Kwa namba yako tena? Na pampu je?

Zuhura 18:59: Pampu ilizungumzwa kikaoni.

Hemedi 19:00: Kikao kipi, mimi nilikuwa Handeni.

Zuhura 19:00: Na mabati ya jikoni yaliyokufuata hukohuko Handeni nayo tuyaulize?

Shufaa 19:01: Jamani Nasra yumo humu

Nasra 19:03: Nipo. Mimi hata juu ya tope naolewa.

Baba Mkubwa 19:26: Nimesoma yote. Mama yenu kuuacha uwanja ule udongo mtupu haukuwa uvivu. Maji ya mapaa mawili yananywewa pale. Mkiufunika yataingia kwa mama Salome na ukuta wake ni wa udongo. Huyo ndiye aliyempikia uji mama yenu miezi ile nyote mko mbali. Asishike mtu beleshi mpaka mkae naye. Habari za pampu na mabati sitaki kuzisoma tena humu.

Iddi 21:15: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Shufaa 21:16: Shikamoo Baba Mkubwa.

Zuhura 21:30: Tumesikia Baba.

Iddi 21:38: Inawezekana lakini. Tunauinamisha uwanja uelekee barabarani, sentimita mbili kila mita, mfereji pembeni. Na katikati ya mawe tuache nafasi tujaze kokoto, maji yazame. Hata mawe yatapungua.

Zuhura 21:40: Sawa, nani anakwenda kwa mama Salome? Mimi nipo zamu mpaka Jumatatu.

Hemedi 21:44: Aende mwanamke.

Shufaa 21:45: Twende wote Jumapili akitoka kanisani

Bakari 21:46: Jumapili kuna derby

Iddi 21:52: Mchanga lakini unakuja kesho saa mbili asubuhi, nilishalipia nusu. Nani atafungua geti?

IJUMAA

Mama Rehema 06:11: Wa alaykum salaam dada Zuhura. Simu anayo mtoto siku hizi. Mie kijani.

Zuhura 06:12: Elfu hamsini Mama Rehema. Na geti?