Mawakala wa tiketi Kisumu, acheni kutuuzia saa za kusubiri kana kwamba ni zawadi

Wanajukwaa, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitajifanya kwamba sina. Mpwa wangu kutoka upande wa Kakamega alipata viza ya kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi baada ya kusomea Kijerumani hadi kiwango cha B2, na nauli yake ikapatikana kwa njia ambayo kila mtu wa huku anaijua, yaani mchango wa kundi la WhatsApp, harambee ndogo nyumbani, na ng'ombe mmoja aliyepelekwa soko la Lubao. Fedha hizo zilikabidhiwa wakala mmoja katikati ya mji wa Kisumu, ambaye simtaji kwa jina kwa sababu madai yetu kwake bado hayajaisha, na ambaye aliahidi tiketi iliyopungua shilingi elfu kumi na nne kuliko zile tulizokuwa tumeziona kwingine.

Karatasi aliyotupatia ilipendeza kwa macho. Juu ilikuwa na nembo ya ofisi yake, katikati jina la kijana kwa herufi kubwa, halafu safari mbili zilizopangwa moja chini ya nyingine: Nairobi hadi Sharjah, kisha, baada ya saa kumi na tisa, Dubai hadi Munich. Dada yangu alipouliza kijana atafanya nini muda wote huo, alijibiwa, "Mama, usiwe na wasiwasi, hiyo ni bahati yake. Atatembea Dubai, atapiga picha pale Burj Khalifa, kisha apande ndege akiwa amepumzika."

Hakupiga picha yoyote, kwa kuwa hakuvuka hata dawati la mizigo la Nairobi. Mhudumu aliangalia pasipoti, akaangalia skrini, akauliza viza ya Falme za Kiarabu iko wapi, na alipoambiwa kwamba kijana anapita tu, alieleza kwa upole kwamba tiketi ile inaishia Sharjah, kwamba begi litashukia Sharjah, na kwamba mtu hawezi kulichukua begi hilo na kwenda nalo Dubai bila kuingia nchini kwa viza. Alikuwa na haki. Shirika la ndege likimbeba abiria asiye na kibali cha kuingia, ndilo linalobeba mzigo wa kumrudisha, na mara nyingi hutozwa faini juu yake. Ndiyo maana hakuna kilio kinachomlainisha mhudumu wa dawati hilo. Ndege ya kwanza iliondoka bila kijana, na ile ya pili, ambayo ni ya shirika lingine kabisa, ikamhesabu kama mtu aliyekosa kufika. Tiketi mpya ilinunuliwa kwa bei ya mtu aliyebanwa.

Mniruhusu nieleze mchezo wenyewe, kwa sababu ninaona vijana wengi wa Bungoma, Vihiga, Siaya na Kisumu wakielekea njia hiyo hiyo ya Ujerumani na ya nchi za Ghuba, na mchezo huu unawasubiri. Wakala hakutuuzia safari moja. Alitununulia tiketi mbili za mashirika mawili yasiyojuana, akazichapa kwenye ukurasa mmoja ili zionekane kama kitu kimoja. Mwenye macho angeona kwamba kulikuwa na nambari mbili za uhifadhi wa nafasi, kila moja ikiwa na herufi na tarakimu sita, ilhali tiketi iliyounganishwa kwa kawaida huwa na nambari moja inayoshika safari yote. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Safari ikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linawajibika kukutafutia nafasi nyingine, na begi kwa kawaida huandikwa hadi mwisho wa safari. Zikiwa tiketi mbili, kuchelewa kwa ya kwanza ni shida yako peke yako, na begi lako litazunguka kwenye mkanda katika nchi ambayo huna ruhusa ya kuingia. Punguzo la shilingi elfu kumi na nne lilitoka hapo. Hakuna aliyetupunguzia chochote. Tulihamishiwa hatari, tukaambiwa tushukuru.

Halafu kuna hii hadithi ya kufaidi saa ndefu za kusubiri, ambayo mawakala wameiokota kwenye video za watu wenye pasipoti za Ulaya na Marekani na kuwasimulia wazazi wetu bila kubadilisha neno. Saa kumi na tisa zina faida kwa mtu ambaye mlango wa uwanja unamfungukia. Kwa Mkenya, swali la kwanza kabla ya bei ni iwapo mlango huo uko wazi kwa pasipoti yake, na majibu hayafanani. Falme za Kiarabu zina viza ya kupita ya saa 48 isiyolipiwa na nyingine ya saa 96 kwa dirhamu 50, lakini huombwa kabla ya safari kupitia shirika la ndege la huko. Haitolewi kwa mtu aliyekwisha kusimama mbele ya afisa. Uingereza humtaka Mkenya awe na viza ya kupita hata asipotoka ndani ya uwanja, isipokuwa ana stakabadhi fulani kama vile viza halali ya Marekani au Kanada. Uhispania nayo ilianza kuwadai Wakenya viza ya namna hiyo mwaka 2024. Marekani ndiyo kabisa haina eneo la kupitia bila kukutana na uhamiaji, hivyo anayeunganisha ndege huko akielekea kwingine anahitaji viza hata kama atakaa saa mbili tu kwenye kiti. Wakala anayelipwa kwa kazi hii anaweza kuyahakiki yote kupitia Timatic, mfumo ule ule ambao mhudumu wa dawati huutazama kabla ya kukupa kadi ya kupandia ndege, na mashirika mengi ya ndege huuweka wazi kwenye tovuti zao kwa mtu yeyote. Ni kazi ya dakika tano. Wetu hakuifanya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba zipo saa za kusubiri ambazo Mkenya anaweza kweli kuzifurahia, na hizo hawazitangazi, labda kwa sababu hazina Burj Khalifa. Addis Ababa iko wazi kwetu, kwani Mkenya haingii Ethiopia kwa viza, na shirika la ndege la nchi hiyo limejulikana kwa miaka mingi kwa kumpa abiria hoteli, chakula na usafiri anapolazimika kusubiri kati ya saa nane na ishirini na nne, alimradi hakukuwa na ndege ya mapema zaidi ya kumuunganisha. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi: ukichagua mwenyewe ndege ya kesho ilhali ya leo ilikuwepo, usitarajie hoteli ya bure. Chukua sweta kwenye begi la mkononi, maana mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya alfajiri ni kama ya Timboroa, na begi kubwa hutalipata mpaka mwisho wa safari. Kutoka uwanja wa Bole hadi katikati ya mji si mbali, na Jumba la Makumbusho la Taifa lina nakala ya mifupa ya Lucy, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu aliyefukuliwa Hadar mwaka 1974. Jambo jingine ambalo litampendeza msomaji wa Kiswahili ni kwamba Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, hivyo mwenye teksi akikwambia saa mbili asubuhi mnaelewana bila kufasiri. Tiketi, hata hivyo, hufuata saa za kimataifa, na hapo ndipo pa kuwa makini.

Kigali pia iko wazi, kwa kuwa sisi ni Jumuiya moja ya Afrika Mashariki na hakuna viza. Mji ni mdogo, uwanja hauko mbali, na Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, ambapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000, hayatozi kiingilio. Saa sita zinatosha.

Sasa nije kwenye saa za kusubiri ambazo sisi wa magharibi mwa Kenya hatuambiwi kamwe, nazo ni za Nairobi. Kila bei ya "nafuu" inayobandikwa kwenye mabango ya mawakala wa Kisumu huhesabiwa kuanzia Nairobi, kana kwamba mtu wa Kondele hapa Kisumu hulala Embakasi, jirani na uwanja wa Nairobi. Uwanja wetu wa Kisumu unaitwa wa kimataifa, una njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, lakini ndege za ratiba utakazozikuta karibu zote ni za Nairobi na chache za Mombasa. (Kule Eldoret mizigo kutoka ng'ambo hutua moja kwa moja. Shehena ya redio inafika huko bila kupitia Nairobi, binadamu hawezi.) Kwa hiyo abiria wetu hupanda basi la usiku, hushushwa katikati ya jiji kabla ya mapambazuko akiwa na masanduku mawili, hutafuta gari la kumfikisha uwanjani, hushuka kwenye kizuizi cha ukaguzi na kupita kwa miguu wakati gari linakaguliwa kivyake, halafu huketi siku nzima akingoja ndege ya saa tano usiku. Ongeza nauli ya basi, teksi, chakula cha bei ya uwanja wa ndege, na pengine kitanda cha usiku mmoja, kisha uniambie ile nafuu imebaki wapi.

Mwenye kujaliwa ndege ya ndani, inayochukua chini ya saa moja, naye ana mitego yake. Baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson, na za kimataifa huondoka Jomo Kenyatta, viwanja viwili vilivyotenganishwa na msongamano wa magari ambao hauheshimu tiketi ya mtu. Karatasi ya wakala huandika "Nairobi" pande zote mbili na kunyamaza. Angalieni herufi tatu za uwanja: WIL (Wilson) si NBO (Jomo Kenyatta). Na kabla ya kukata ndege ya ndani kivyake, mwambieni wakala atafute safari nzima ikianzia KIS, yaani Kisumu, kwenye tiketi moja, kwa sababu shirika linalounganisha safari zote mbili pengine litaongeza kiasi kidogo kuliko nauli ya Kisumu hadi Nairobi ikinunuliwa peke yake, na ukungu wa asubuhi ukiichelewesha ndege ya kwanza, shida inakuwa yao. Mawakala hawapendi kuulizwa swali hili. Uliza.

Kwa wanaoishi Busia, Malaba na Bungoma, Entebbe ingepaswa kutajwa kila mara, na mara nyingi haitajwi. Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200, ilhali hadi Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na kutoka Entebbe kuna ndege za Addis, Kigali, Doha, Dubai, Istanbul, Brussels na Amsterdam. Msongamano kuanzia Mukono kuingia Kampala ni wa kukatisha tamaa, hivyo mtu asipange kufika saa ile ile ya kupanda ndege. Na cheti cha homa ya manjano kibebwe. Kuhusu cheti hicho, tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, kwa hiyo anayekwambia kimeisha muda baada ya miaka kumi anakupotosha.

Ule ushauri unaozunguka kwamba tiketi huwa nafuu ukinunua Jumanne usiku wa manane sitaujadili. Viti huuzwa kwa madaraja ya bei, vya chini huisha kwanza, na Desemba huisha mapema zaidi. Hakuna siri nyingine ya kulipia ada.

Tunachodai kwa wakala wetu kimewekwa kwenye barua, na kinahusu watu wengine wengi humu. Aandike kwenye kila stakabadhi kama ni tiketi moja au mbili, begi linaishia wapi, viwanja ni vipi kwa majina kamili, na ni viza gani inahitajika kila mahali mtu anaposhuka. Arudishe ada yake ya huduma. Na ashughulikie kodi za viwanja vya ndege zilizokuwa ndani ya nauli ya tiketi zote mbili, kwa kuwa hata tiketi isiyorudishiwa fedha, kodi za abiria ambaye hakusafiri mara nyingi hurejeshwa zikiombwa. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba "tiketi ya ofa hairudishwi," jambo ambalo hatukuwa tumeuliza.

Aliyewahi kurejeshewa kodi hizo kupitia wakala, si moja kwa moja na shirika la ndege, tafadhali aeleze hapa ni karatasi gani aliitisha na ni nani aliyeitia sahihi.