Naomba ushauri: kuunganisha jiko na sebule, nyumba ya zamani Mbeya

Mwana_Ilomba: Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya, Ilomba. Naunganisha jiko na sebule pawe wazi, kama tunavyoona kwenye vipindi vya ukarabati vya Marekani. Nimeviangalia mwaka mzima, hatua zote nazijua. Nyumba ni ya vyumba vitatu, ya miaka ya 80, matofali ya kuchoma. Bajeti 3,500,000, muda wiki mbili. Swali: tairizi niweke za kijivu au nyeupe? Nijibuni leo tafadhali, usingizi sipati.

Dada_Mafinga: Kijivu. Mimi niliweka nyeupe, watoto wakitoka shule sebule inakuwa njia ya ng'ombe, utapiga deki mpaka mgongo ukatae. Na mbao za makabati chukua zilizokauka. Nilinunua paina mbichi kwa sababu msitu wa Sao Hill ni hapa hapa jirani, nikaona nimeokoa hela, milango ikapinda kabla ya Pasaka.

Mnyalukolo_Kihesa: Kamwene. Mdogo wangu, jikoni hapaoneshwi wageni. Mgeni anakaa sebuleni, chakula kinamfuata. Vipindi hivyo vinatufundisha kuzionea aibu nyumba zilizotulea.

Fundi_Mstaafu: Matofali yameunganishwa kwa simenti au kwa udongo? Lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ipo? Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimekalia ukuta upi? Nyumba nyingi za kwenye vipindi vile ni fremu za mbao zilizofunikwa jipsamu, ukuta wa ndani ukiugonga nyundo unatoboka kama boksi. Na hata huko, ukuta unaobeba paa hauondolewi hivi hivi: kuna hesabu za mhandisi, kibali, boriti ya kupokea mzigo. Hayo yanakatwa, kazi ya miezi inabaki kipindi cha saa moja. Halafu niambie, mtu anakosa usingizi kwa rangi ya tairizi?

Mwana_Ilomba: Udongo, mkuu. Lenta hamna. Ukweli ni kwamba nusu ya ukuta imeshashuka tangu Jumanne. Fundi alisema hakuna shida, nikamlipa nusu. Jana umetokea ufa juu ya mlango wa chumbani, leo hapokei simu. Lakini paa halijashuka, kwa hiyo naona linahimili.

Shemeji_wa_Tukuyu: Nyumba ni ya nani? Hujaandika popote "nyumba yangu".

Mwana_Ilomba: Ya mama. Yuko huko kwenu Tukuyu, msibani kwa mama mkubwa, anarudi Jumamosi. Nilitaka akifungua mlango akute pameshabadilika. Kwenye Extreme Makeover: Home Edition familia inapelekwa likizo, siku saba wanarudi wanalia kwa furaha. Mama amepikia kwenye giza miaka 30. Hela ni yangu, sijamwibia mtu.

Shemeji_wa_Tukuyu: Zile familia ziliomba zenyewe. Na zile siku saba walikuwa wanafanya kazi watu kwa mamia, usiku na mchana, vifaa vingi vya msaada. Kamera zilipoondoka kuna familia zilishindwa bili na mikopo, nyumba zikapotea. Mama yako hakuomba. Anapikia nini?

Mwana_Ilomba: Mkaa. Gesi anaiogopa.

Dada_Mafinga: Ngoja, yangu ya tairizi uyaache kwanza. Juni na Julai madirisha yamefungwa kwa baridi, jiko la mkaa linawaka sebuleni? Hewa ile haina harufu na inaua. Tumezika jirani na mwanawe kwa jiko waliloliingiza chumbani wapate joto. Ule ukuta ulikuwa na kazi.

Mzee_wa_Block_T: Hii ni chai. Wiki mbili zilizopita jina hili hili lilisema limepanga chumba kimoja Mwanjelwa, linauliza bei ya godoro. Leo lina nyumba ya kuvunja. Picha iko wapi?

Mnyalukolo_Kihesa: Hata mimi nilishangaa. Mwaka mzima anaangalia, asijue ukuta unaobeba?

Mwana_Ilomba: Mwanjelwa nimepanga kweli. Godoro lilikuwa la mama, nilitaka akute kila kitu kipya. Picha siweki, wadogo zangu wanapita humu. Vyombo vyake viko nje chini ya turubai na wingu limetanda. Chai gani hiyo?

Mzee_wa_Block_T: Bila picha siamini.

Fundi_Mstaafu: Iwe chai isiwe chai, mimi najibu habari ya paa. Leo usilale humo wala mtu mwingine asilale. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa, andika na saa. Alfajiri tafuta mirunda minene na mtu anayejua kuitega: chini ya kila kenchi, pande zote mbili za ukuta, ubao juu na ubao chini. Kaza kwa kabari taratibu, unapokea mzigo, hunyanyui. Tofali jingine lisiguswe. Kisha nenda ofisi za jiji ukaombe mhandisi aje aone. Na mpigie mama.

Mwana_Ilomba: Nimelala kwangu. Mirunda 12 imetegwa tangu saa moja asubuhi. Ufa umepita alama kwa upana wa kidole, tangu tulipotega haujasogea tena. Mhandisi amesema anakuja saa nane. Mama amepiga mara mbili, sijapokea.