Kyoukai: jirani ananiita kanisani au ananipimia kiwanja?

Kutoka: Saitama

Wapendwa, habari za siku nyingi. Wakubwa shikamooni.

Nisaidieni kabla sijapiga muhuri nisipopajua. Wiki mbili zilizopita jirani yetu, mzee wa upande wa kushoto, alinikuta nje namwagilia mchicha. Akainama, nikainama, akasema maneno mengi ya adabu, na katika yote nikashika mawili tu: "kyoukai" na "nichiyoubi". Kanisa, Jumapili. Nilifurahi jamani! Miaka minne hapa Japani hakuna aliyewahi kunialika kanisani. Nikajibu hai, hai (ndiyo, ndiyo), saa nne asubuhi, sawa.

Jumapili nikavaa kitenge changu cha Pasaka, mtoto na viatu vya kung'aa. Kutoka nje, mzee yuko uani na kijana mwenye helmeti, na chombo cha kupimia kimesimama kwa miguu mitatu. Wakanitazama, nami nikawatazama. Kijana akafunua majani ya mchicha wangu, chini yake kuna kinguzo cha zege kichwa chekundu kimechongwa alama ya msalaba (nikasema moyoni, angalau msalaba upo), halafu akatoa karatasi niweke sahihi na hanko, yaani muhuri wangu. Nikasema "chotto" (subiri kidogo), nikakimbilia ndani.

Mume wangu yuko Fukuoka kikazi mpaka mwisho wa mwezi. Nimeshikwa wapi hapo?

Kutoka: Chiba

Marahaba mdogo wangu. Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Pole, ila sikio lako halina kosa. Kyoukai ya kanisa na kyoukai ya mpaka hutamkwa vilevile, na iko ya tatu, ya chama. Zinaachana kwenye maandishi: 教会 kanisa, 協会 chama, 境界 mpaka. Kwa mdomo, angalia neno limekaa na nani. Likiandamana na tonari (jirani), tochi (ardhi) au tachiai, hapo hakuna ibada. Nadhani mzee alisema "kyoukai no tachiai wo onegai shimasu", yaani tafadhali uje tuuone mpaka kwa pamoja. Tachiai ndiyo ileile ya sumo, wale mabonge wanavyorukiana mwanzo wa pambano. Yako ni ya amani.

Ukitaka kuzikumbuka hizo herufi, angalia 境: kushoto kuna udongo, 土. Na 界 juu kuna shamba la mpunga, 田. Udongo na shamba. Mimi nilizishika siku hiyohiyo, maana kwetu Kilimanjaro mpaka wa kihamba ni masale, na mzee wangu aliweza kusimama pale asubuhi nzima kwa hatua moja ya jirani.

Sasa karatasi. Huenda mzee anauza. Wanunuzi wengi hapa hutaka mipaka iliyohakikiwa, ndiyo maana huletwa tochi kaoku chousashi, mpimaji mwenye leseni. Hati yenyewe kwa kawaida huitwa kyoukai kakuninsho, ya kukubali kwamba mpaka unapita hapa na hapa. Si deni, wala humgawii ardhi. Lakini ukishapiga muhuri, kesho kugeuka ni kazi, kwa hiyo isome na shemeji. Tena anayesaini ni mwenye ardhi. Kama kiwanja kimeandikwa jina la shemeji peke yake, wewe hata ukitaka haikuhusu. Mjibu hivi:

"Shujin to soudan shite kara, ohenji shimasu." Nitajibu baada ya kushauriana na mume wangu.

Hakuna atakayenuna, hapa hilo ni jibu la mtu mzima. Na siku ya kupima uulize mwenyewe: "Kyoukai wa doko desu ka?" Mpaka uko wapi? Wakuonyeshe kwa kidole, nguzo kwa nguzo, upige picha.

Kile kinguzo ni bikoni, wao huita kyoukaihyou. Usikiguse kwa jembe. Kuking'oa au kukisogeza kusudi ili mpaka usijulikane ni jinai: kifungo hadi miaka 5 au faini hadi yen 500,000. Mchicha juu yake si kosa.

Shemeji akirudi mwambie pia kuhusu ule mkaki (mti wa matunda ya kaki) ulionipigia picha mwaka jana. Matawi yakivuka, "eda ga kyoukai wo koete imasu", huruhusiwi kuyakata hivihivi. Unamwambia mwenye mti akate. Asipokata kwa muda wa kutosha, tangu Aprili 2023 sheria inakuruhusu ukate mwenyewe. Mizizi ni yako siku zote, kata tu. Usiniulize kwa nini.

Kutoka: Osaka

Kaka mkubwa shikamoo. Mimi niko kwenye kaigo, nalea wazee. Kuna mwenzangu kazini ananiuliza mshahara, mchumba, kila kitu. Nikatafuta "mpaka" kwenye kamusi nikamwambia "watashi no kyoukai desu". Akanyamaza, akaniuliza nasali wapi.

Na aibu ya pili: nilimwambia bosi "goji kyoukai hatarakimasu".

Kutoka: Chiba

Marahaba. Ya bosi kwanza: umemwambia unafanya kazi kanisa la saa kumi na moja. Tatizo ni mpaka wetu sisi, unabeba mizigo miwili. Mpaka wa shamba ni kyoukai, mpaka saa kumi na moja ni made. "Goji made hatarakimasu", basi.

Huyo mwenzako, kyoukai iache ardhini. Kati ya watu wanasema mstari, sen. Ndiyo sen ile ya njano wanayotutangazia stesheni kila siku tukae ndani yake. "Sen wo hiku" ni kuchora mstari, kuweka mpaka na mtu. "Kyori wo oku" ni kukaa naye mbali kidogo. Lakini sikiliza, hayo unayasema ukimsimulia rafiki yako. Yeye mwenyewe usimtupie usoni. Akiuliza mshahara, inamisha kichwa, vuta pumzi kwa meno, sema "sore wa chotto..." (hilo, kidogo...) halafu usimalize. Ataelewa. Niliichukia miaka mingi, naona ni unafiki, siku hizi natumia hata na ndugu zangu wa Moshi kwenye simu wakiomba pesa. Wao hawaelewi, wanasubiri nimalize.

Wewe wa Osaka, ukipita mji wa Sakai hapo chini, hilo nalo ni mpaka. Sakai ni neno lao la asili la mpaka, na mji uliitwa hivyo kwa kukaa pale majimbo ya kale ya Settsu, Kawachi na Izumi yalipokutana.

Kutoka: Saitama

Nimerudi na majibu. Shemeji yenu alirudi, tukaenda tachiai wote watatu na yule kijana. Kweli mzee anauza, anahamia kwa binti yake. Nguzo tatu ziko sawa. Ya nne, ya mchicha, imeonyesha kwamba uzio ulikaa vibaya tangu zamani, na mistari yangu miwili ya mwisho iko kwake. Mume wangu ameweka hanko.

Nikaungama habari ya kitenge. Mzee alicheka akashika goti. Nikamwambia mchicha nitauhamisha, akakataa kwa mkono, nivune tu: "Hikkoshi made." Mpaka atakapohama.