Magoti marefu na kiti cha mlango wa dharura

Muulizaji, Kigoma: Ndugu zangu, Desemba tunakwenda mapumziko Zanzibar kwa ndege kupitia Dar es Salaam, mimi, mke wangu na mtoto wa miaka 4. Safari iliyopita magoti yangu yalikandamizwa na kiti cha mbele hadi nikashuka nikichechemea. Je, naweza kuomba kiti cha mlango wa dharura, penye nafasi zaidi ya miguu?

Jibu la kwanza: Kaka, kuomba unaweza, ila mtoto hataruhusiwa kuketi hapo, kwa kuwa abiria wa safu hiyo hutakiwa kuwa mwenye nguvu, anayeelewa maelekezo ya wahudumu na aliye tayari kusaidia kufungua mlango ikitokea hatari. Hata mkoba huwekwa juu ndege inaporuka na kutua.

Jibu la pili: Pia safu za dharura zikiwa mbili, viti vya ile ya mbele kwa kawaida havilali nyuma, mimi huona bora hivyo kuliko kubanwa.

Muulizaji: Ahsanteni. Siwezi kumwacha mama yake ahangaike peke yake na mtoto, kwa hiyo nitaomba kiti cha kando ya njia, angalau mguu mmoja ninyooshe mikokoteni ya chakula isipopita.