Kuku akihara damu: antibiotiki ziuzwe bila karatasi ya daktari?

Mfugaji, Bahati (Nakuru)

Wenzangu, mvua za masika zimeingia, maranda yamelowa, na kilio ni kile kile kuanzia Bahati hadi Rongai: vifaranga wa wiki tatu, nne wamejikunyata, mabawa chini, kinyesi kina damu. Mtu anaenda agroveti, anasema "kuku wanahara damu," anatoka na pakiti ya antibiotiki, oksitetrasaiklini. Hakuna aliyempasua kuku, hakuna aliyeuliza umri. Msimamo wangu ni kwamba antibiotiki za kuku zisiuzwe bila karatasi ya daktari wa mifugo.

Usugu wa dawa tunaujua, na Kenya ilitoa mpango wa kitaifa kuuhusu mwaka 2017. Lakini kinachoniuma zaidi kimo tumboni mwa kuku mwenyewe. Damu hiyo mara nyingi huletwa na Eimeria tenella, ambaye ni kimelea, si bakteria. Huzaliana katika kuta za vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo, na hapo ndipo bakteria wa kuku wamejaa kuliko kwingine kote. Wapo wanaochachusha makapi ya nafaka na kutoa asidi ya butiriki, inayolisha ngozi ya ndani ya utumbo. Kuta zikishapasuka, hao hupungua na jamii ya E. koli hushamiri. Oksitetrasaiklini si dawa ya kimelea huyo. Ukiimwaga kwenye maji unawamalizia bakteria wazuri waliosalia, kisha unashangaa kuku wamepona lakini hawaongezi uzito.

Muuza dawa, Kisumu

Ndugu, nakuheshimu, lakini wewe uko karibu na Njoro, kwenye chuo kikuu cha Egerton. Mama wa kuku mia mbili kule Nyakach akiona damu asubuhi, ukimwambia asubiri karatasi, ataokota mizoga.

Tena hujasema yote. Salfa ni antibiotiki na inapiga koksidia, yaani vimelea wa aina ya huyo tenella. Na utumbo ukishachubuka, protini za damu na ute huvuja, bakteria Clostridium perfringens anapata mlo na kuzaana, anatoa sumu inayoozesha utumbo. Hapo bila antibiotiki banda linaisha. Ulaya walipopiga marufuku antibiotiki za kunenepesha mifugo mwaka 2006, ugonjwa huo uliwasumbua, na salinomaisini, nayo antibiotiki, wakairuhusu iendelee kwenye chakula kwa ajili ya koksidia. Hata maabara, kuku waliolelewa bila bakteria wowote huumizwa kidogo na tenella kuliko kuku wa kawaida. Kwa hiyo hao bakteria unaowatetea si malaika.

Mama wa kienyeji, Kakamega

Nyinyi mko kwenye damu, sisi huku ni minyoo. Kuku anashinda akichakura, ukimshika ni mwepesi. Nilichinja mmoja nikakuta utumbo una minyoo myeupe, mirefu kama kidole. Mimi huwapa shubiri kwenye maji, na vifaranga nawatilia maziwa lala kidogo. Sasa hiyo karatasi yenu itanifikia na mimi? Daktari wetu huja kwa bodaboda, na nauli ni juu yangu.

Mfugaji, Bahati (Nakuru)

Mama, haitakufikia. Piperazini na levamisoli ni dawa za minyoo, si antibiotiki, ziendelee kuuzwa. Shubiri siwezi kukuahidi kwamba itaitoa minyoo hiyo. Kuhusu maziwa lala, wazo lina msingi: mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Ufini walionyesha kwamba vifaranga waliopewa vitu vya tumboni mwa kuku wakubwa walihimili salmonela. Wako wanaotembea na mama yao huokota bakteria hao kila wanapochakura. Wangu wa kutoka mashine hawana wa kuwapa, na ndiyo maana ninawaonea wivu wenu. Ila maziwa lala hayana jamii nzima ile.

Muuza dawa wa Kisumu, la Clostridium nakubali, lakini linanipa nguvu. Pasua aliyekufa leo, unyooshe utumbo. Vifuko viwili vya mwisho vikijaa damu, ni tenella. Vikiwa safi, na utumbo mwembamba umevimba gesi na ndani umefunikwa na tabaka la kahawia linalobanduka, hapo antibiotiki ina kazi. Ni kisu na dakika chache, na mtu aliyefunzwa anaweza kukiongoza hata kwa picha ya simu. Na kuku wa maabara asiye na bakteria hayuko katika banda la mtu yeyote hapa. Wetu wanao, hoja ni nani abaki.

Kwa mama wa Nyakach, amproliamu, dawa ya koksidia, ibaki wazi kwenye rafu. Si antibiotiki. Inafanana na vitamini B1, kimelea kinaimeza badala yake na kukosa nguvu. Na hapa nawaomba nyinyi wauzaji: acheni kumpa mtu amproliamu pamoja na pakiti ya vitamini aichanganye kwenye maji yale yale. B1 ikizidi, dawa inapoteza kazi, halafu mnasema koksidia imekuwa sugu.

Muuza dawa, Kisumu

Hilo la vitamini ni kweli na wengi wetu tunalifanya. Amproliamu wazi, oksitetrasaiklini kwa karatasi, nakuunga mkono. Salfa siiachii. Niambie nitampa nini mteja ambaye amproliamu imemshinda, Jumapili, na kuku wanaanguka.

Mfugaji, Bahati (Nakuru)

Toltrazurili, dawa nyingine ya koksidia. Ni ghali, najua, na hoja ya bei yake ndiyo tuipeleke kwa serikali ya kaunti. Salfa ikizidishwa inamtoa kuku damu ndani kwa ndani, na mteja wako wa Jumapili hupima kwa kifuniko cha chupa.