Sedani inagota nyuma ikipakiwa: springi mpya, springi nzito, spesa au mifuko ya hewa?

Msafiri wa Alfajiri

Wakuu, heshima zenu. Nina sedani yenye umri wa miaka 14 ambayo kila inapobeba watu watatu kiti cha nyuma pamoja na mizigo kwenye buti, hugota kwa kishindo, yaani nyuma hubonyea hadi kikomo chake na kugonga, ikipita kwenye tuta au shimo ambalo magari mengine ya aina hiyohiyo hulivuka bila taabu. Miezi 5 iliyopita nilibadilisha shokapu zote mbili za nyuma kwa sababu moja ilikuwa inavuja mafuta. Gari lilitulia barabarani na likaacha kudundadunda, lakini kugota hakukukoma. Tangu hapo nimepewa ushauri wa aina nne: ninunue springi za kawaida mpya, nifunge springi nzito zaidi, niweke spesa za raba chini ya springi zilizopo, au nitie mifuko ya hewa ndani ya springi. Ningeomba tuzilinganishe njia hizi kwa kueleza kila moja inafanya nini hasa, kwa kuwa nimekwisha kutumia fedha mara moja mahali ambapo ugonjwa haukuwepo.

Fundi wa Gereji ya Chini ya Mti

Mkuu, kilichokupata huwapata wengi, na chanzo chake ni kuchanganya kazi ya springi na kazi ya shokapu. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuamua bodi likae juu kiasi gani. Shokapu hupunguza kasi ya springi inapobonyea na inapofunguka. Shokapu ya gesi huinua gari kidogo sana, kiasi ambacho mara nyingi hukioni kwa macho. Kwa hiyo springi zilizolala zikifungiwa shokapu mpya, gari litatulia kweli, lakini litaendelea kusafiri karibu na kikomo chake.

Kabla hujachagua lolote kati ya hayo manne, pima. Egesha gari mahali tambarare, hakikisha upepo wa matairi uko sawa na buti ni tupu, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, na ulinganishe na kimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililochakaa au lenye upepo mdogo litakudanganya. Halafu funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye fimbo ya shokapu, uisukume hadi iguse mwili wa shokapu, na uende safari yako ya kawaida ukiwa na mzigo. Ukirudi, mahali ilipofika kamba hiyo patakuonyesha springi ilibonyea hadi wapi.

Usisahau kukagua raba za kugotea, zile zinazovikwa kwenye fimbo ya shokapu au kukaa katikati ya springi. Zikizeeka humomonyoka kama keki kavu, na zisipokuwepo, chuma hugonga chuma na hata shokapu mpya huumia kwa ndani.

Hesabu za Chuma

Naongeza upande wa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hupotoshwa zaidi. Ugumu wa springi ya koili hufuata unene wa waya kwa kipeo cha nne. Ukitoka kwenye waya wa milimita 12 kwenda wa milimita 13, upana na idadi ya mizunguko vikibaki vilevile, ugumu huongezeka kwa takriban asilimia 38. Mtu anayekuambia kwamba springi hii "imezidi kidogo tu" huenda anakuuzia badiliko kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe. Gari litabeba mzigo vizuri, lakini likiwa tupu litarukaruka, nyuma itainuka, na shokapu zilizoundwa kwa springi ya awali zitashindwa kuituliza inaporudi juu.

Spesa ni habari nyingine kabisa. Kipande kinachokaa kati ya springi na kiti chake hakiongezi ugumu hata kidogo. Kinachofanya ni kuinua bodi, na hivyo kuongeza nafasi iliyobaki kabla ya kugota, huku kikipunguza nafasi ya gurudumu kushuka. Ikiwa springi imekaa kwenye mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, karibu na katikati ya gari kuliko lilivyo gurudumu, spesa ya milimita 10 itainua gari kwa zaidi ya milimita 10. Zile raba zinazosokomezwa katikati ya mizunguko ya springi sizishauri kamwe: hufunga mzunguko mmoja usifanye kazi, mkazo ukahamia kwa mingine, na koili ikaja kukatika hapo.

Hata kama hukuuliza, nitaje na kukata springi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa ikabaki na 5 inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, lakini gari linashuka na kuipoteza nafasi ileile unayoitafuta.

Mama Safari Ndefu

Mimi ninatumia mifuko ya hewa kwa mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo nitaisemea. Gari langu huwa tupu siku nyingi za juma, halafu siku mbili linapakiwa hadi juu. Kwa matumizi ya namna hiyo sijaona kinachoizidi, kwa sababu ninaongeza upepo nikipakia na kuupunguza nikishusha. Mifuko yangu inataka isipungue psi 5 hata gari likiwa tupu, ili isibanwe na kukunjamana, na isizidi psi 35. Kosa nililolifanya mwanzoni ni kuunganisha mifuko yote miwili kwenye mpira mmoja wa upepo. Kwenye kona hewa ilikimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwingepesi, na gari likalala kuliko lilivyokuwa kabla. Nilipoitenganisha, kila mmoja na mdomo wake, hali hiyo ilikwisha.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Mifuko hiyo haiongezi uzito unaoruhusiwa kubebwa na gari. Ekseli, breki, beringi na matairi ni vilevile.

Hesabu za Chuma

Nakubaliana na Mama kabisa, na suala la uzito lina mtego ambao haumo kwenye mizani. Ukiweka kilo 100 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.7, ekseli ya nyuma huongezewa kilo 137 huku ya mbele ikipunguziwa kilo 37. Mzigo uleule ukisogezwa hadi nyuma ya mgongo wa kiti, nguvu hiyo ya wenzo hupungua sana. Kupanga vitu vizito ndani kabisa ya buti hakugharimu chochote, na ningeanza na hilo.

Mlinzi wa Breki

Nina maonyo mawili kwa atakayeinua nyuma ya gari kwa njia yoyote. Baadhi ya magari yana vali ya breki inayosoma kimo cha nyuma na kuamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Ukiinua bodi kwa spesa, vali hudhani gari ni tupu na hupunguza nguvu hiyo hata kama umepakia, kwa hiyo kijiti chake lazima kirekebishwe. La pili, kagua kwanza kama gari lako lilitoka kiwandani na shokapu zinazojiinua zenyewe, mfano wa Nivomat zilizofungwa kwenye baadhi ya magari ya Volvo. Shokapu hizo hubeba sehemu ya uzito, na springi zilizoandamana nazo ni laini. Aliyeziondoa na kufunga shokapu za kawaida bila kubadilisha springi amejitafutia ugonjwa huuhuu.

Msafiri wa Alfajiri

Nawashukuru sana wote. Nimepima. Kitabu kinataja milimita 370. Kulia nimepata 352 na kushoto 338. Tofauti hiyo ya pande mbili ilinishtua, nikapandisha gari kwa jeki, nikaliwekea vizuizi, nikavua gurudumu la kushoto. Mzunguko wa mwisho wa springi, ule unaolala kwenye kikombe chake, umekatika kwa kutu, na kipande kimebaki palepale kiasi kwamba usipokishika kwa mkono huwezi kujua. Raba za kugotea hazipo pande zote mbili, na hapana shaka hazikurudishwa shokapu zilipobadilishwa. Shokapu zangu ni za kawaida tangu kiwandani na gari halina vali ya kimo. Je, bado kuna haja ya springi nzito?

Fundi wa Gereji ya Chini ya Mti

Hapana, mkuu. Kwa vipimo hivyo huna ushahidi kwamba springi ya kiwandani ni dhaifu kwa mzigo wako. Una ushahidi kwamba huna springi ya kiwandani tena. Nunua mbili mpya za kawaida, zibadilishwe pande zote kwa pamoja, na raba mpya za kugotea. Spesa juu ya springi iliyokatika ni hatari, na mfuko wa hewa ndani yake utatobolewa na ncha ya koili.

Wakati wa kufunga, usikubali bolti za mikono ya nyuma zikazwe magurudumu yakiwa yananing'inia. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo bushi, yaani raba za kwenye maungio ya mikono hiyo, zitabaki zimejipinda na zitachanika mapema. Baada ya hapo peleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, na taa za mbele zipimwe upya, kwa kuwa nyuma ikiinuka mwanga hushuka.

Msafiri wa Alfajiri

Narudi na matokeo. Springi mbili za kawaida na raba zake zimefungwa, bolti zimekazwa gari likiwa chini. Kimo sasa ni milimita 371 kulia na 370 kushoto. Jana nilibeba watu walewale na mizigo ileile, vitu vizito vikiwa vimeegemezwa kwenye mgongo wa kiti, nikapita kwenye matuta yaleyale kwa mwendo wa kawaida. Kamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu imesimama milimita 22 kabla ya raba. Mifuko ya hewa nimeiacha kwa sasa.